Wenzangu wa kazini Ujerumani wananikimbia? Jibu kwa nesi wa Tanga

SWALI: Shikamoo. Mimi ni nesi, kwetu Tanga, niko Ujerumani mwaka wa pili sasa, mji mdogo upande wa Stuttgart. Kazini sina tatizo, wananisifu, ila ikifika saa ya kutoka kila mtu anabeba begi lake anaaga utafikiri hatukushinda pamoja masaa nane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunikaribisha kwake. Jumapili ndio balaa, mji mzima kimya, maduka yamefungwa, nalala nalia. Jirani kanigongea mlango mara moja tu kwa miezi kumi na nne, na ilikuwa kuniambia zamu yangu ya kusafisha ngazi imefika. Nyumbani nilikuwa mtu wa watu, kikoba nipo, netiboli nipo, msibani nipo. Halafu juzi mwenzangu mmoja akanambia Jumamosi niende nikasaidie kuuza keki kwenye sherehe ya zimamoto ya kijiji chao, nikaona huyu sasa ananifanya kibarua siku yangu ya mapumziko, nikakataa. Hivi hawa watu ni wabaguzi au hawapendi watu tu? Nifanyeje, maana nafikiria kurudi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimekusoma mara mbili, ya kwanza kama mtu anayefundisha wageni wanaokuja kufanya kazi huku, ya pili kama mtu aliyewahi kulia Jumapili hiyohiyo unayoisema. Nimesomea sosholojia ya kazi, semina nimeshawapa manesi, madereva wa malori, vijana wa mahotelini, na tangu Kenya na Ujerumani wasaini makubaliano ya ajira Septemba 2024 naulizwa zaidi kuliko zamani. Swali lako huja siku ya tatu ya semina, watu wakishazoeana, na karibu kila anayeliuliza anaanza kwa kusema kazini hana tatizo. Hilo la keki za zimamoto liweke pembeni kwanza, ntalirudia, maana ndilo lililonifanya nikae nikuandikie kwa urefu.

Kuna maneno unayasikia kila ukitoka zamu, schönen Feierabend, mtu anakwambia huku ameshavaa koti. Sisi masikio yetu yanasikia kwaheri, tena kwaheri ya haraka. Lakini Feierabend zamani ilikuwa ni mkesha wa sikukuu, Feier ni sherehe, Abend ni jioni, halafu taratibu neno likahama likawa ni ule muda wote unaoanza kazi ikishaisha. Kwahiyo yule mwenzako anapokwambia vile hakutupi, anakutakia ufurahie kitu ambacho kwao ni mali kabisa, na mali yenyewe haikupatikana bure.

Hapa naomba unisikilize kidogo kwasababu bila hii historia utaendelea kuwaona watu baridi. Masaa nane kwa siku walianza kuyapata Novemba 1918, vita ya kwanza imeisha, mfalme ameondoka, mapinduzi mitaani, matajiri wa viwanda wakakaa na vyama vya wafanyakazi wakakubaliana. Lakini hata miaka ya hamsini mtu alikuwa bado anafanya kazi mpaka Jumamosi. Mwaka 1956 shirikisho la vyama vya wafanyakazi likatoa bango la Mei Mosi, lina picha ya mtoto mdogo, na maneno yanasema Jumamosi baba ni wangu. Yaani hoja yao haikuwa mshahara, haikuwa uchovu, ilikuwa kwamba mwajiri anamkopa baba wa mtu na saa ikifika amrudishe kwa mwenyewe. Mimi kila nikilionyesha bango hilo darasani wanawake wanalielewa mara moja. Mwaka 1984 wafanyakazi wa vyuma wa chama cha IG Metall wakagoma wiki kadhaa wakidai masaa 35 kwa wiki, wakapata kwanza 38 na nusu, ile 35 yenyewe ikafika 1995. Likizo ya kulipwa iko kwenye sheria ya nchi nzima tangu 1963, na tangu 1995 ya chini kabisa ni wiki nne. Sheria ya masaa ya 1994 inasema masaa nane kwa siku, yanaweza kufika kumi ila yafidiwe, na kati ya zamu na zamu masaa 11 ya kupumzika, hospitalini wanaruhusiwa kupunguza mpaka kumi na kufidia baadae. Wewe hayo unayajua kwenye ratiba yako ya zamu, labda hukujua tu kwamba watu walisimama nje kwenye baridi mageti yamefungwa ili yapatikane.

Sasa mtu aliyelelewa na wazazi wa namna hiyo, ukimwambia baada ya zamu twende tukae mahali tupige stori, anaona bado uko kazini, maana wewe ni mtu wa kazini. Wana msemo wao, kazi ni kazi na pombe ni pombe, ukimaanisha usichanganye. Anakuheshimu kwa kukuachia jioni yako. Anadhani na wewe una watu wako wanakusubiri kwasababu yeye anao. Ni mara chache sana Mjerumani atawaza kwamba huyu dada akifika kwake anafungua mlango anakuta kiti na simu.

Na hiyo Jumapili. Hiyo si tabia ya mji wako, iko kwenye katiba. Katiba ya 1919 ilisema Jumapili na sikukuu zitalindwa kuwa siku za kupumzika na za kuinua roho, na ya 1949 ikaichukua ibara ileile nzima nzima. Mwaka 2009 Berlin ilikuwa inaruhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kuelekea Krismasi, makanisa yakaenda mahakama ya katiba, mahakama ikasema hapana, hiyo imezidi. Ndio maana unaona bekari inafungua masaa machache tu, sheli na maduka ya stesheni yanafunguliwa, kwingine kote kufuli. Na kimya chenyewe kinalindwa, hutoboi ukuta kwa drili Jumapili, hukati majani kwa mashine.

Sisi wa kutoka pwani kimya tunakisoma vibaya, kimya kwetu ni msiba au ni ugomvi. Kwao Jumapili watu wamejaa tele, ila wako ndani. Saa tisa mchana ndio saa ya kahawa na keki, bibi yuko kwa binti yake, mezani kuna keki ya matufaha na krimu ya kupiga, watoto wameambiwa wakae vizuri, na mazungumzo pale ni yaleyale ya kwetu, nani kaachana na nani na mguu wa babu unaendeleaje. Wewe kutoka dirishani unaona barabara tupu tu, na barabara ndio mahali pa mwisho pa kutafutia watu nchi hii.

Halafu tuangalie na upande wetu maana tukiacha tutaonekana sisi ndio kawaida na wao ndio wa ajabu. Sisi tumekulia mahali ambapo watu unawapata bila kuwatafuta. Chukua Ngamiani saa kumi na moja jioni, barabara yoyote katika zile za namba, muuza kahawa anakuja na dele lake lina makaa chini, vikombe anavigonganisha vidoleni unamsikia kabla hujamuona, barazani wamekaa watu wanne na wawili hawajuani vizuri, mmoja kapita tu anamtafuta fundi bomba, akaambiwa kaa kwanza unywe, kashata ikakatwa, na akinyanyuka pale ameshajua nani anaumwa, nani anaozesha, na fundi bomba kasafiri. Hakupanga, hakupiga simu, na baraza lenyewe limejengwa nje ya nyumba makusudi ili mgeni akaribishwe bila kuingia ndani. Ndugu zetu wa Oman wana sabla, chumba cha watu kukutania, wazo ni hilohilo. Jamii ya namna hii ujenzi wenyewe wa nyumba unakufanyia kazi ya kupata watu, na ukihamia kwenye ghorofa lenye mlango wa chini unaojifunga wenyewe, ile kazi hakuna tena anayekufanyia.

Na kazi kwetu haikuwa na ukuta kiasi hicho. Hilo neno kibarua ulilotumia, ni barua ndogo, kile kikaratasi mtu alichopewa kuonyesha ameifanya kazi ya siku ile. Bandarini Mombasa mpaka miaka ya hamsini wachukuzi wengi walikuwa wa kutwa, mtu anafanya siku kadhaa, akipata ya kumtosha anarudi kwake, ana shamba, ana harusi, ana ngoma, na wakoloni walilalamika sana eti hawa hawana nidhamu ya saa, mpaka baada ya mgomo mkubwa wa Januari 1947 wakaanza mipango ya kuwafanya waajiriwa wa kudumu. Kwahiyo mapumziko yetu hayakuja kwa sheria wala kwa bango, mtu aliyachukua mwenyewe pale alipoweza, na kazini napo alikwenda na maisha yake yote, salamu ndefu, habari za watoto, mchango wa msiba wa shemeji. Ndio maana wewe unategemea mtu wa kazini awe ndugu. Si kosa, ndio ulivyolelewa.

Lakini usitamani haraka nchi ambazo wa kazini ndio wanatoka pamoja. Japani wana nomikai, bosi na timu yake wanaenda kunywa baada ya kazi, na ukikwepa sana unaonekana hushirikiani, ni urafiki lakini pia ni kazi iliyobadilisha kiti. Ni nchi hiyohiyo yenye neno karoshi, kufa kwa kuzidiwa na kazi, bunge likapitisha sheria ya kuzuia vifo hivyo 2014, na kikomo cha ovataimu chenye adhabu kikaanza 2019 kwa makampuni makubwa, kawaida isizidi masaa 45 kwa mwezi. Jioni ya mtu kama haina ukuta kazi inaila yote. Hata siku gani watu wapumzike ni uamuzi tu, Oman walihamisha wikiendi yao kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013, Emirati wakaenda Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na ukiwa na ndugu pande zote mbili unajua kupanga simu ya familia kulivyokuwa shida.

Sasa Wajerumani wanapatia wapi watu, maana wanao, wana marafiki wa miaka arobaini wewe na mimi hatuwafikii. Wanawapatia kwenye Verein. Chama. Vyama vilivyosajiliwa ni kama laki sita nchi nzima, na sheria yao ya tangu 1900 inataka wanachama saba tu kusajili. Kuna cha mpira, cha kwaya, cha kufuga njiwa, cha kupanda milima, cha kutunza mnara wa kijiji, kila kimoja kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkutano mkuu wa mwaka ambao watu wanabishana nusu saa kuhusu bei ya makochi. Bayern München yenyewe kwa asili ni chama cha aina hiyo, cha mwaka 1900, kina wanachama zaidi ya laki tatu, na kwenye ligi kuna kanuni ya 50+1 inayotaka wanachama wabaki na kura nyingi.

Nikifika hapa darasani watu wa pwani huwa wananiambia mbona hii tunaijua. Ndio, mnaijua. Babu zetu kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Dar walikuwa na vyama vya beni, wanapiga matarumbeta na ngoma kama bendi ya jeshi, kila chama kina kingi wake na majenerali wake na michango yake, upande wa Tanganyika Marini na Arinoti ndio waliotamba, na mwenzao akifa chama kinamzika. Kina mama walikuwa na vyama vya lelemama. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 zimetoka kwenye udongo huohuo wa vijana wa mjini waliotaka mahali pa kuwa watu. Na wewe mwenyewe umesema ulikuwa kwenye kikoba. Kikoba kina siku yake, kina saa yake, ukichelewa unapigwa faini, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti. Hebu niambie kuna kitu cha Kijerumani kuliko hicho? Na mle kwenye kikoba si ndimo ulimopata mashoga zako wa kweli? Hakuna aliyeingia akasema mimi nataka marafiki. Mliingia kuweka akiba, urafiki ukaja kwa kukutana kila wiki, kwa kuona nani analeta hisa yake kwa wakati na nani mtoto wake akiumwa anaomba mkopo wa dharura.

Huku ni hivyohivyo, urafiki unapitia kwenye kitu mnachokifanya pamoja, siku ileile, kila wiki, muda mrefu. Maneno matamu hayakusaidii sana, mtu akikwambia pita siku moja nyumbani bila kutaja tarehe hajakualika bado, akitoa kalenda ndio amekualika, na hapo ukisema utakwenda nenda na ufike kwa saa. Hata baraza wanalo, tena kila kijiji, linaitwa Stammtisch, ni meza moja kwenye baa au mgahawa ina kibao katikati, watu walewale siku ileile miaka na miaka. Usikae pale hujaitwa. Lakini ukishaitwa mara moja ujue hilo ni jambo kubwa kwao hata kama wamelisema kwa sauti ya kuombea chumvi.

Ntakupa la kwangu. Mimi nakaa Leipzig, mji wa yule daktari Schreber ambaye bustani za mjini zilipewa jina lake, chama cha kwanza kilianzishwa hapa 1864, yeye mwenyewe ameshafariki. Sheria ya bustani hizi inataka kiwanja kisizidi mita za mraba 400, na sehemu ya kama theluthi lazima ulime cha kula, huwezi kuweka majani na viti tu. Mimi nikapanda mchicha. Jirani yangu wa bustani mzee mmoja, kofia ya majani, miezi miwili ananisalimia siku njema basi, anaendelea kufunga nyanya zake kwenye vijiti kwa kamba za kijani. Siku moja akasimama kwenye uzio akaniuliza kwa adabu sana mbona haya magugu unayamwagilia. Mchicha wa porini kwao ni gugu kweli, wanaung'oa. Nikamwambia nisubiri. Jumamosi yake nikampelekea sufuria ndogo, mchicha wa nazi na wali, akala amesimama, hakusema kitu, akarudisha sufuria imeoshwa na ndani kaweka matunda madogo kama zabibu, ya kijani yenye vinyweleo. Baada ya hapo kila Jumamosi tukawa tunabadilishana kitu juu ya uzio, yeye mbegu mimi bizari, mwaka wa tatu ndio akaninyoshea mkono akataja jina lake la kwanza, ndio akinipa ruhusa ya kuacha kumwita bwana fulani. Miaka mitatu! Alipolazwa, binti yake alinipigia mimi kabla ya shangazi zake.

Mwaka jana tumemzika, na nilikaa mstari wa pili kanisani.

Sasa kwako wewe tatizo kubwa naliona ni zamu, na hili watu wengi wanaotoa ushauri hawaligusi. Chama cha mazoezi kinakutana Jumanne saa moja na nusu usiku, wewe wiki hii uko asubuhi, wiki ijayo jioni, inayofuata usiku, kwahiyo unaenda mara moja unapotea mara mbili, na wao kutokuonekana wanakusoma kama hutaki. Fanya hivi, kabla ratiba ya mwezi haijatoka mwendee msimamizi wa wodi umuombe jioni moja maalum kila wiki, moja tu, mwambie ni kwa ajili ya chama, taja jina la chama. Sababu hiyo wanaiheshimu, mwenzako mwenye mazoezi ya bendi ya kijiji anaomba hivyohivyo. Na umesema netiboli, huku netiboli utaitafuta mpaka uchoke, lakini handiboli iko kila mji, shirikisho lao ndilo kubwa kuliko yote duniani kwa mchezo huo, na mikono ya netiboli inajua kushika mpira na kutoa pasi, miguu utafundishwa. Karibu kila chama unaruhusiwa kujaribu mara mbili tatu kabla ya kulipa. Ukikuta kina mama wa rika lako wanacheza kwa kujifurahisha usidharau, hao ndio wanaokaa baada ya mechi na chupa za maji ya gesi wakaongea mpaka taa zinazimwa.

Lahaja ya huko kwenu ni ngumu najua, Kijerumani cha darasani kinakuacha stendi. Waambie, mimi Kiswabia sijakijua bado naomba polepole. Wanapenda mtu akikitaja kwa jina.

Na zile ngazi. Upande huo wa Swabia zamu ya usafi inazunguka, kibao kinaning'inizwa mlangoni kwako wiki yako. Ukimaliza usikibandike tu kwa jirani ukakimbia, gonga, mpe mkononi, muulize hali. Dakika mbili. Ndio nafasi pekee ambayo jengo lenu linawalazimisha kuonana, itumie. Kama tarehe ya siku yako ya kuzaliwa inakaribia, huku mwenye siku ndiye anayeleta keki kazini, usisubiri wao wakuandalie utasubiri mwaka mzima, na wewe usimtakie mtu heri kabla siku yenyewe haijafika, wanaona unamletea nuksi.

Umeuliza ni wabaguzi? Sitakudanganya kwamba hawapo, wapo, na mimi nimeshakutana nao kwenye treni na kwenye kutafuta nyumba. Ila vitu viwili hivi vitenganishe kichwani, ubaridi na ubaguzi. Ubaridi unawapata wote, muulize Mjerumani aliyehamia kijijini kwenu kutoka Hamburg atakwambia miaka mitano bado anaitwa mgeni. Ubaguzi unakupata wewe na siyo yeye, mgonjwa anayekataa usimguse, mwenzako anayekusahihisha mbele ya watu kosa ambalo kwa mwingine ananyamaza, zamu mbaya zinazokuangukia wewe kila Krismasi. Hayo usiyameze ukijifariji eti ndio utamaduni wao. Andika tarehe na nani alikuwepo, peleka kwa baraza la wafanyakazi la hospitali, wapo kwa ajili hiyo. Kutoalikwa chai peke yake mimi siwezi kukiita ubaguzi, na kwenye maelezo yako yote kitu pekee ulichonionyesha ni kutoalikwa.

Tena hata hicho si kweli. Ulialikwa.

Mji mdogo kama wenu hauna zimamoto ya kuajiriwa, miji yenye zimamoto wa mshahara ni kama mia moja hivi nchi nzima, kwingine kote ni wa kujitolea, karibu watu milioni moja. Yaani nyumba yako ikiwaka usiku wa manane anayekuja na bomba ni mwoka mikate, ni fundi umeme, ni mwalimu wa mtoto wa jirani, simu imelia mfukoni kaacha kitanda. Sherehe yao ya mwaka ndio siku kijiji kizima kinatoka nje, watoto wanapanda gari la zimamoto, bendi inapiga, soseji zinachomwa, na meza ya keki ndio inaingiza hela za chama. Kwenye meza ile hawasimami vibarua. Wanasimama wake, mama, madada wa wale wazimamoto, watu wa ndani, kila mmoja kaleta keki yake na kila mmoja anajua keki ya mwenzake imetokaje. Mtu wa nje ananunua keki, mtu wao anauza. Ile ni sawa na kwetu mama mwenye shughuli akikwambia njoo jikoni ukune nazi na sisi, badala ya kukukalisha kwenye kiti cha wageni. Ungeambiwa hivyo Tanga ungekwenda na kanga yako ya kufunga kiunoni bila kuuliza malipo. Yule mwenzako alikufungulia mlango wa jikoni, na alikuwa na ujasiri maana wenyewe wanaogopa sana kukataliwa, akishakataliwa mara moja hatarudia, ataona ndio umemwekea mpaka wako na yeye anauheshimu.

Kwahiyo ni wewe sasa umwendee. Zamu ijayo mkiwa wawili, wakati wa kukabidhiana au mkiwa mnapanga dawa, mwambie sikuelewa, nilidhani ni kazi, kwetu tunaalikana kwa namna nyingine, mwakani naomba nisimame mezani na nitaleta keki. Halafu muulize kabla ya mwakani kuna nini, maana lazima kipo, watu hawa wana sherehe ya mvinyo mpya, wana soko la Krismasi la wikiendi moja ambalo zimamoto haohao wanauza mvinyo wa moto. Akitoa simu aangalie kalenda, na wewe toa yako palepale.

Upeleke mkate wa kumimina. Usijaribu keki yao ya cheri siku ya kwanza, watakulinganisha na bibi zao. Mkate wa kumimina kule hakuna anayeujua, upike mchana wa siku yenyewe usikauke, hiliki usiibanie, ukate vipande vidogo vya pembe tatu. Na uandike kikaratasi ukisimamishe mbele ya sahani, wanapenda kujua wanachokula, andika una mchele, tui la nazi, sukari, hiliki, hamira na mayai, na chini yake kwa herufi kubwa andika HAUNA NGANO. Kila kijiji kina mtu wawili watatu ambao ngano inawaumiza tumbo, wanazunguka meza nzima ya keki miaka yote wanaondoka mikono mitupu, na hao ndio watakaokuja kukuuliza umetoka wapi.